Darasa Liko Mtaani: Vidokezo kwa Mtu Mzima wa Eastlands

Sisi watu wa Eastlands tumezoea kuambiwa kwamba elimu iko upande ule mwingine wa Nairobi. Vyuo vikuu viko kule, shule za karo nzito ziko kule, huku kwetu ni mabati, matatu na kelele. Hebu siku moja tembea kutoka Muthurwa hadi Kayole ukiangalia milango tu. Utaona maktaba za umma, kumbi za mtaa, karakana za jua kali, makanisa yenye madarasa ya jioni na misikiti yenye darsa baada ya Isha. Walimu nao wamejaa, wengine wamestaafu na wanaota jua kibarazani.

Kinachotubana watu wazima ni saa. Unatoka nyumbani kukiwa giza, unarudi kukiwa giza, na katikati kuna Jogoo Road. Ndiyo maana vidokezo hivi havikuombi upate muda ambao huna. Vingi vinategemea saa unazozitumia tayari: kwenye chama, kazini, ndani ya gari, au ukimsimamia mtoto na kazi yake ya shule.

1. Ijue maktaba yako, na uingie ndani kweli

Wengi tunapita nje ya maktaba miaka nenda miaka rudi tukidhani ni ya wanafunzi. Si yao peke yao. Kaloleni ina maktaba, Makadara ina maktaba, na zote mbili ni matawi ya McMillan ile ya katikati ya jiji. Buruburu kuna tawi la Huduma ya Maktaba za Kitaifa, kando ya Mumias South Road. Abiria wa matatu za 58 wanalipita kila siku.

McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Babu yako angeweza kufagia ngazi zake, lakini kiti kilikuwa cha Mzungu. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk, wakaingia makubaliano na Kaunti ya Nairobi ili kuzifufua McMillan na matawi yake mawili. Kazi ya ukarabati walianzia huku kwetu, Kaloleni na Makadara, kabla ya lile jengo kubwa lenye nguzo. Si mara nyingi Eastlands hutangulizwa kwa jambo jema, kwa hiyo tuzitumie.

Ukienda mara ya kwanza, uliza mambo matatu: saa za kufungua na kufunga, masharti ya kuazima kitabu, na kama kuna mikutano au masomo ya watu wazima. Usiogope wanafunzi wa sekondari waliojaza meza msimu wa mitihani. Na ukikosa kitabu unachokitaka, kuna wauzaji wa inama katikati ya mji, wanaotandaza vitabu vya mitumba chini kando ya barabara. Bei ni ya kuelewana.

2. Usione haya ya ngumbaru

Hapa nitakaa kidogo, maana haya imefungia watu wengi nje kuliko karo.

Kimani Ng'ang'a Maruge aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwezi Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Alikuwa amepigana katika Mau Mau. Elimu ya msingi bila malipo ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, naye akasema kama ni ya wote, basi na yeye yumo. Alitaka kujisomea Biblia bila kumtegemea mhubiri, na kuweza kuhesabu pesa za fidia endapo wapiganaji wangelipwa. Mwaka 2005 alipelekwa New York, Umoja wa Mataifa, kuzungumzia elimu bila malipo.

Hadi hapo wengi wanaijua hadithi. Sehemu inayosahaulika ni ya kwetu. Machafuko ya baada ya uchaguzi yalimpata kule Eldoret, akaishi kambini, na mwaka 2008 akahamia nyumba ya wazee hapa Nairobi. Alipofika hakusema sasa imetosha. Aliingia shule ya msingi ya Marura, upande wa Kariobangi, akakaa darasani na watoto ambao huenda leo ndio unaopanda nao matatu. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009, akiwa bado mwanafunzi.

Sasa wewe wa miaka 38 unaogopa jirani atasema nini?

Elimu ya watu wazima si hisani ya mtu. Bodi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria mwaka 1966, na mwaka 1979 serikali ikaanzisha kampeni kubwa ya kufuta ujinga. Kazi haijaisha: utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2007 ulikuta kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima nchini, yaani milioni 7.8, hawajui kusoma na kuandika. Nairobi ilikuwa na hali nzuri kuliko mikoa yote, lakini mji mkubwa huficha watu. Kuna mama ambaye amekuwa akimwomba mtoto amsomee ujumbe wa M-Pesa miaka yote hii, na mtaa mzima hauna habari.

Ukitaka darasa, anzia ofisi ya chifu au ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti ndogo yako. Madarasa mengi huazima vyumba vya shule za msingi, makanisa na kumbi, mara nyingi alasiri. Kama saa haikufai, sema. Walimu wa ngumbaru wamezoea kupanga ratiba na wanafunzi wao. Darasani utakuta mwalimu wa miaka 30 akimwambia mwanafunzi wake, "Shosh, soma mstari wa pili," na shosh akijibu, "Ngoja nivae miwani, mwalimu." Heshima inaenda pande zote mbili na kazi inaendelea.

Kwa aliyeachia njiani sekondari, hesabu miaka vizuri. KCPE ya kitaifa ilifanywa mara ya mwisho 2023, na darasa la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Kama ulikuwa na nia ya kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, uliza Baraza la Mitihani sasa. Usingoje "mwakani".

3. Fundi, tafuta karatasi ya kazi unayoijua

Pita Kamukunji, pale nyundo zinapogonga bati tangu asubuhi hadi masikio yanaziba. Msimamie fundi wa makarai. Anachukua bati la pipa lililokunjuliwa, anapiga msumari katikati, anafunga uzi, na ncha ya pili ya uzi anaishika pamoja na msumari mwingine. Anazungusha, duara limekaa. Sasa ukanda wa kuzungushia ubavu ukatwe urefu gani? Anapima upana wa duara kwa kamba, anauhamishia kwenye bati mara tatu, kisha anaongeza kipande kidogo, kama sehemu moja ya saba, na nafasi ya kukunjia. Hakuandika kitu. Mtoto wa kidato cha pili angehitaji kalamu kufika 22 juu ya 7.

Huyu fundi ni msomi asiye na cheti, na bila cheti atabaki kuuza makarai kwa bei ya anayepita. Kandarasi kubwa zinataka karatasi. Njia ipo: Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutahini mafundi kwa gredi. Unaanzia gredi ya tatu, unapanda ya pili, halafu ya kwanza. Hawakuulizi ulisomea wapi. Unafanya kazi kwa mikono yako mbele ya mtahini, pamoja na maswali ya nadharia. Wanatahini uashi, umeme wa nyumba, mabomba, makanika, ushonaji, ususi na kazi nyingine nyingi. Kituo chao cha Nairobi kiko Industrial Area, ambako mtu wa Makongeni anafika kwa miguu.

Zaidi ya hapo, Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, inasimamia mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Uliza chuo cha ufundi kilicho karibu kama kimeidhinishwa kuuendesha, na anza kuweka ushahidi: picha za kazi zako, majina ya wateja, barua ya mtu uliyemfanyia kazi.

Na wewe mtu wa mkono kwenye mjengo, usikubali kubeba kokoto miaka mitano bila kushika futi. Mwombe fundi akuonyeshe kupima pembe mraba, hata kama ni wakati wa chakula. Fundi mzuri hafichi. Anayeficha, badilisha mjengo.

4. Mdai mwajiri shilingi 50 zako

Mwajiri anatakiwa kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kama tozo ya mafunzo ya viwanda. Haikatwi kwenye mshahara wako. Sheria inaruhusu mwajiri kudai arejeshewe gharama akimpeleka mfanyakazi kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Waajiri wengi hulipa tozo na kukaa kimya. Wewe wa kiwandani Industrial Area, muulize meneja wa wafanyakazi kwa upole kabisa: mara ya mwisho kampuni ilidai pesa hizo ni lini, na ni nani alikwenda kusoma? Mkiuliza mkiwa kumi ni bora kuliko mmoja.

5. Chuo cha ghorofani? Angalia leseni kwanza

Unajua vyuo ninavyosema. Ngazi nyembamba, bango kubwa, kozi ya kompyuta, ya hoteli na ya uuguzi zote kwenye chumba kimoja. Vingine ni vizuri. Vingine vinahama usiku na karo yako. Kabla ya kulipa hata shilingi ya usajili, tazama kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013 kusimamia vyuo vya ufundi, na kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Kisha uliza mtihani wa mwisho unatungwa na nani. Ukijibiwa "ni wetu wenyewe", rudi chini kwa ngazi zile zile.

6. Chama kiwe na dakika ishirini za masomo

Kina mama wa Umoja na Dandora wanakutana kila wiki au kila mwezi bila kukosa, wanapiga faini aliyechelewa, wanaweka daftari safi. Ni shule gani ya watu wazima yenye mahudhurio kama hayo? Basi kabla ya chai, tengeni dakika ishirini. Mwezi huu mmoja aeleze jinsi riba ya mkopo wa simu inavyohesabiwa. Mwezi ujao mwingine aeleze haki za mpangaji akipewa notisi. Mwezi wa tatu mleteni muuguzi wa zahanati aeleze shinikizo la damu, aje na kile kifaa chake.

Wala hili si geni Afrika Mashariki. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 Tanzania ikaendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi, wakawa wanasikiliza kipindi pamoja, wanajadili kutoka kwenye kijitabu, kisha wanaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Walikuwa na redio moja kwa kikundi kizima. Chama chako kina simu ishirini.

Onyo dogo: msimruhusu mtu wa kuuza bima au ploti ajifanye ndiye mwalimu wa mwezi. Akija, alipie chai.

7. Msomeshe mtoto, nawe usome

Mtaala mpya umewaletea wazazi kazi nyingi za nyumbani, na malalamiko hayaishi. Badala ya kumtuma saibaa achapishiwe kila kitu, keti naye. Mwambie akueleze somo la leo wewe ukiwa mwanafunzi. Mtoto akimfundisha mzazi hesabu za sehemu, anazielewa mara mbili, na mzazi anazikumbuka bila kulipa karo.

8. Simu na matatu ni chumba cha kusomea

Kutoka Kayole hadi mjini asubuhi yenye jamu ni muda mrefu, na nganya yenye muziki mzito si mahali pa kuandika insha. Lakini pakua somo usiku ukiwa na Wi-Fi ya kazini au ya maktaba, weka vipokea sauti, sikiliza njiani. Usipakue kwa bando ya asubuhi, itaisha Donholm.

Anayetaka digrii bila kuacha kazi atazame Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023 na kinachofundisha kwa mtandao. Na kama unadhani kusoma mbali na mwalimu ni mchezo, mkumbuke Tom Mboya. Alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji, akasoma kwa posta na chuo cha Afrika Kusini, bahasha zikienda na kurudi. Mwaka 1955 akapata ufadhili wa kwenda chuo cha Ruskin, Oxford. Yeye alingoja majibu ya mwalimu kwa wiki kadhaa. Wewe unakasirika video ikizunguka kidogo.

9. Si lazima kiwe kitabu

Korogocho, karibu kabisa na jalala la Dandora, kuna vijana wanaopiga fidla na tarumbeta. Ghetto Classics ilianzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008. Mathare, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kilianza mwaka 1987, na timu zake hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa pia, si kwa mabao peke yake. Koch FM ilianza kurusha matangazo Korogocho mwaka 2006, vijana wakijifunza utangazaji humo humo kazini.

Mengi ya haya yaliwalenga vijana. Lakini mtu mzima naye anaweza kujiunga na kwaya, kujifunza lugha ya ishara kwa sababu jirani ni kiziwi, au kujifunza upishi wa keki ili aache kununua za harusi. Kilicho muhimu ni kwamba kila wiki kuna saa moja ambayo wewe ni mwanafunzi wa kitu fulani.

10. Mtafute mstaafu wa mtaa wako

Jericho, Maringo, Makongeni: mitaa hii imejaa wazee waliofundisha, walioendesha treni, waliotunza vitabu vya hesabu vya kampuni kubwa. Waombe. Carey Francis, aliyekuwa mkuu wa Alliance High School kwa zaidi ya miaka ishirini, alipostaafu mwaka 1962 hakwenda kupumzika Uingereza. Alikuja Pumwani kuwa mwalimu wa kawaida wa sekondari, akafundisha hadi alipofariki mwaka 1966. Alikuwa mkali, na kila mtu ana maoni yake juu ya walimu wa kikoloni, lakini aliona Pumwani panastahili mwalimu wa Alliance.

Ukimwendea mzee, usimwambie "njoo utufundishe" tu. Mwambie siku gani, saa ngapi, watu wangapi, na nani atamfuata nyumbani na kumrudisha. Na mpeni kitu cha nauli, hata kama anakataa.

11. Dai mlango uwe wazi baada ya kazi

Vidokezo kumi vya kwanza unaviweza peke yako au na majirani. Hiki cha mwisho kinahitaji serikali.

Tangu mwaka 2013, UNESCO, kupitia taasisi yake ya Hamburg, imekuwa ikihimiza miji ya dunia iwe miji inayojifunza, ambapo mkazi hujifunza tangu utotoni hadi uzeeni, iwe nyumbani, kazini au mtaani. Maneno mazuri. Kwetu yana tafsiri rahisi: maktaba isifungwe kabla mfanyakazi hajashuka gari, na ukumbi wa mtaa uwe na taa. Ukumbi wa Kaloleni, ulioshuhudia mikutano mikubwa ya vyama vya wafanyakazi na ya siasa za uhuru, watu waliufanya kuwa darasa la uraia kwa sababu ulikuwa wazi saa walizokuwa huru.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka maktaba chini ya kaunti. Vyuo vya ufundi vya vijiji pia ni vya kaunti, hata kijiji hicho kikiwa Bahati. Kwa hiyo usimlaumu waziri kwa kila kufuli. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inaitaka kaunti iwasilishe mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Kwa kawaida mikutano hiyo huhudhuriwa na watu wale wale, wanakunywa soda, wanaomba lami na taa za barabarani.

Mwaka huu nendeni mkiwa kikundi, na ombi lililoandikwa: maktaba ya hapa ifunguliwe hadi saa mbili usiku angalau siku mbili kwa wiki, na Jumapili mchana. Litieni sahihi, bakini na nakala iliyogongwa muhuri, kisha mwulizeni MCA mbele ya watu atalisimamia lini. Akisema hakuna pesa, mwombeni awaonyeshe ukurasa wa bajeti.